Aliyeshika njia ya kumfikia mteja: miaka ya mwanzo ya Games Workshop

Desemba 2024 Games Workshop iliingia katika FTSE 100, orodha ya kampuni mia moja kubwa zaidi kwenye Soko la Hisa la London, ikakaa safu moja na mabenki na makampuni ya mafuta na dawa. Biashara yake ni vijisanamu: askari, mazimwi na mashujaa wa kufikirika, vingi vikiwa vifupi kuliko kidole gumba. Vinauzwa vipande vipande, bila rangi, na mnunuzi ndiye anayeviunganisha, kuvipaka rangi na kuvipiganisha mezani kwa kufuata vitabu vya kanuni ambavyo navyo anauziwa.

Wanaoisifu kampuni hii huanza hesabu mwaka 1983, ulipotoka mchezo wake wa Warhammer. Naona wanaingia ukumbini ngoma ikiwa imeshakolea. Yaliyoamua hatima yake yalitokea kati ya 1975 na 1980, miaka ambayo haikuwa na mchezo wowote mkubwa wa kwake na ilikuwa ikiuza vya wenzake. Katika miaka hiyo ilijenga njia ya kumfikia mteja, ikaishika kwa mikono miwili, na bidhaa ikaja baadaye kupita humo. Wakati huohuo wenzao wa Marekani, waliokuwa na bidhaa ya kipekee kuliko zote, waliitoa njia hiyo kwa bei ya chee.

Waanzilishi walikuwa watatu, marafiki tangu shuleni huko Altrincham karibu na Manchester: Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake. (Huyu Jackson ni Mwingereza. Yuko Mmarekani mwenye jina hilohilo, naye mtunzi wa michezo, na wawili hao wamewachanganya wasomaji kwa nusu karne.) Mapema 1975 walikuwa wakiishi kwenye fleti ya kupanga, Bolingbroke Road namba 15, Shepherd's Bush, magharibi ya London. Peake ndiye aliyekuwa na mkono wa useremala, na kazi ya kwanza ya kampuni ilitoka mikononi mwake: mbao za kuchezea michezo ya kale, zilizotengenezwa kwa mkono. Zilikuwamo za bakgamoni, za Go ya Asia ya Mashariki, na za mankala.

Mankala ndio ukoo wa bao letu, kwa hiyo msomaji wa pwani yuko mahali pazuri pa kuelewa tatizo la Peake kuliko mchambuzi yeyote wa London. Chukua bao la kete kama linavyochezwa barazani Unguja. Mashimo 32 katika safu nne, kila upande na nyumba yake, lile shimo kuu, na kete 64 za komwe. Ni mchezo wa kina kirefu: anayeingia kwenye namua, awamu ya kwanza ya mchezo, bila kujua ataitumia vipi nyumba yake anaumbuka kabla mtaji, awamu ya pili, haujaanza, na wazee waliocheza tangu ujana bado wanagombana juu ya namna bora ya kutakata, yaani kusogeza kete bila kula. Ukiutazama kwa jicho la muuzaji, hata hivyo, ni msiba mtupu. Bao la mninga lililochongwa vizuri linarithiwa. Kete zikipungua, komwe zinaokotwa ufukweni. Asiye na hela ya bao anachimba vishimo chini ya mwembe, na mchezo unaendelea kwa kanuni zilezile na utamu uleule. Kanuni zenyewe hazina mwenyewe, hakuna wa kumlipa. Fundi anauza mara moja kwa kila nyumba, kisha anasubiri watoto wa nyumba hiyo wakue na kuhama.

Mchezo unaweza kuwa bora kuliko yote duniani na bado usiweze kulisha kampuni. Mbao za Peake zilikuwa na sifa zote za kazi nzuri ya mikono, pamoja na hiyo ya kutomrudisha mteja dukani.

Kilichowaokoa ni karatasi. Februari 1975 walitoa toleo la kwanza la kijarida walichokiita Owl and Weasel, cha habari za michezo ya mezani. Hawakukisambaza ovyo. Walikituma kwa watu waliokuwa wakipokea kijarida kingine, Albion, kilichokuwa kimekoma punde tu. Mhariri wa Albion alikuwa Don Turnbull. Jina hilo likumbukwe, litarudi. Orodha ile ya wasomaji ndiyo ninayoiona kuwa mali ya kwanza ya thamani ya Games Workshop. Yalikuwa majina na anwani za watu waliokwisha kuonyesha kwamba wako tayari kutoa fedha kusoma juu ya michezo. Mbao walizitengeneza wenyewe, lakini wateja waliwakuta wameshakusanywa.

Nakala moja ya kijarida ilivuka bahari ikamfikia Brian Blume, mbia wa kampuni iitwayo TSR katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Blume alijibu kwa kuwatumia mchezo wa kampuni yake, Dungeons & Dragons.

Ndani ya boksi mlikuwa na vijitabu vitatu vyembamba vya kanuni. Hakukuwa na ubao wala mshindi. Katika mchezo huu mtu mmoja anakuwa mwongozaji: yeye pekee ndiye anayejua pango lina vyumba vingapi na nini kimejificha nyuma ya mlango upi. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, nguvu zake na akili zake zimeandikwa kwa namba kwenye karatasi. Mwongozaji anasema: mmefika kwenye mlango wa chuma, ndani kunasikika mkoromo, mnafanyaje? Mmoja anataka kuusukuma. Mwingine anasema yeye anarudi nyuma hatua tano na mwenge wake. Wakishaamua, dadu inarushwa, na dadu zenyewe ni za ajabu, nyingine zina pande 20, kuona kama mlango utafunguka na kama kilicholala ndani kitaamka. Mchezo unakatishwa usiku ukiwa mkubwa na kuendelea juma lijalo pale ulipoishia.

Linganisha na bao. Mchezo huu hauishi, na kila unapoendelea unadai kitu: pango jipya, kitabu cha mazimwi mengine, dadu za ziada, vijisanamu vya kuonyesha nani amesimama wapi. Haumruhusu mtu kuucheza peke yake, kwa hiyo kila anayenunua anageuka mpiga debe. Lazima awatafute wenzake wanne au watano, awafundishe, awaambukize. Livingstone na Jackson waliona ndani yake ubunifu ambao hawakuuona katika mchezo wowote wa Uingereza wa wakati ule. Nadhani waliona kama mashabiki kwanza, hesabu za biashara zikaja nyuma. Lakini hesabu zilikuwamo, zikisubiri mtu wa kuzifanya.

Wakaagiza boksi sita. Uwezo wao uliishia hapo. Na kwa nguvu ya boksi hizo sita wakapewa na TSR haki ya kuwa wasambazaji pekee wa Dungeons & Dragons kwa Ulaya nzima, kwa miaka mitatu.

Mkataba huu husimuliwa kama bahati ya mtende, na kusimuliwa hivyo kunaficha sehemu inayovutia zaidi, yaani upande wa aliyetoa. TSR ilianzishwa Oktoba 1973 na Gary Gygax na rafiki yake wa utotoni Don Kaye. Gygax alikuwa amepoteza kazi kwenye kampuni ya bima na alikuwa akishona viatu nyumbani kwake ili watoto wale. Fedha za kuanzia zilikuwa za kuungaunga, na Blume alipoingia na mtaji wake ndipo walipoweza kuchapisha Dungeons & Dragons, Januari 1974: boksi 1,000, zilizopangwa kwa mkono na wenyewe nyumbani. Zilikwisha ndani ya mwaka. Kisha tarehe 31 Januari 1975 Don Kaye akafariki dunia kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 36. Kwa hiyo siku ambazo kijarida cha London kilikuwa kinachapwa, Lake Geneva walikuwa wametoka kuzika mbia, na waliobaki walikuwa na kazi ya kuipanga upya kampuni iliyokuwa ikiendeshwa nyumbani kwa marehemu.

Katika hali hiyo Ulaya ilikuwa na thamani gani kwao? Ilikuwa soko wasiloweza kulifikia, lenye lugha wasizozijua na ushuru wa forodha wasiotaka kuusikia. Kumpa mtu haki ya kuuza huko kulionekana kama kumgawia jirani shamba la porini: halikugharimu kitu. Siwalaumu kwa hilo. Hata hivyo haki ya kuuza ilikuja na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye mkataba. Kila Mwingereza aliyetaka boksi lile alilazimika kuandika barua Shepherd's Bush, na barua ya mteja ina jina na anwani. TSR ilipata fedha za boksi. Games Workshop ilimpata mtu.

Peake hakuvutiwa na mambo ya mapango na mazimwi, na mwaka 1976 akajitoa. Simulizi nyingi zinampitia kwa sentensi moja kama aliyeshuka garini kituo kimoja kabla ya mjini. Mimi sioni kosa lake. Alikuwa fundi, na kampuni aliyoianzisha ilikuwa imeacha ufundi ikawa duka la bidhaa za Marekani. Mtu anayependa kuranda mbao ana haki ya kutopenda kufunga vifurushi.

Wawili waliobaki waliendelea kufunga vifurushi, na hapo ndipo kisa kinachopendwa kuliko vyote kinapoingia. Watu walianza kufika Bolingbroke Road wakidhani kuna duka. Waliona anwani kwenye kijarida, wakapanda treni, wakabisha hodi kwenye jengo la makazi. Mwenye nyumba alivumilia, kisha kiangazi cha 1976 akawafukuza. Hawakuwa na fedha za kulipia makazi na ofisi kwa pamoja, wakachagua ofisi: kijichumba nyuma ya ofisi ya dalali wa nyumba. Wao wenyewe wakahamia kwenye vani ya Jackson, wakaishi humo kwa miezi mitatu. Ili waoge, walijiunga na klabu ya skwoshi yenye mabafu, na kwa kuwa ukionekana klabuni unatakiwa ucheze, wakaishia kuumudu mchezo wenyewe.

Kisa cha vani ni kizuri, na Livingstone amekisimulia kwa raha miaka yote. Kinapendwa kwa sababu kinathibitisha tunachotaka kuamini, kwamba aliyeteseka ndiye aliyestahili. Kwangu uzito uko kwenye uamuzi wenyewe zaidi kuliko kwenye mateso: walipolazimika kuchagua kati ya kitanda na anwani, walichagua anwani. Biashara ya posta isiyo na anwani imekufa. Na wale wageni waliokuwa wakibisha hodi, ambao mwenye nyumba aliwaona kero, walikuwa utafiti wa soko ambao kampuni kubwa huulipia fedha nyingi. Walikuwa wakisema waziwazi kwamba wanataka mahali pa kufika.

Mahali pa kwanza walishaanza kupajaribu. Mwishoni mwa 1975, kampuni haijatimiza hata mwaka, waliandaa mkutano wa wachezaji katika ukumbi wa Seymour Hall, London, wakauita Games Day. Wafanyabiashara wa siku hizi wangeita hiyo tangazo. Mimi naiona kama kazi ya kuwakutanisha watu waliokuwa wakidhani wako peke yao. Mchezaji wa Dungeons & Dragons mwaka ule alikuwa na shida moja kubwa kuliko bei: hakujua wenzake wako wapi. Anayekutambulisha kwa wenzako unamrudia, hata kama vitu vyake ni ghali kidogo.

Juni 1977 kijarida kikapisha jarida kamili lenye michoro na makala, White Dwarf. Aprili 1978 wakafungua duka la kwanza, namba 1 Dalling Road, Hammersmith, na siku ya ufunguzi foleni ilikuwa nje. Kati ya kufukuzwa fleti na kufungua duka ilipita karibu miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo kampuni ilikamilisha njia yake yote: jarida la kumwambia mteja kuna nini, posta ya kumfikishia, mkutano wa kumkutanisha na wenzake, na duka la kushika kitu mkononi kabla ya kununua. Bidhaa zilizopita kwenye njia hiyo zilikuwa karibu zote za wengine. Kwa kuwa kusafirisha maboksi kutoka Marekani kulipandisha bei, wakapata ruhusa ya kuchapisha toleo la Uingereza la Dungeons & Dragons, na baadaye wakafanya hivyo kwa michezo mingine ya Kimarekani kama RuneQuest na Traveller. Leseni ikifuatiwa na leseni.

Biashara ya leseni ina ugonjwa wake, na yeyote aliyewahi kuwa wakala wa bidhaa ya nje anaujua. Ukiuza vibaya, unanyang'anywa kwa uzembe. Ukiuza vizuri, mwenye mali anaona faida yako, anapiga hesabu, na kujiuliza kwa nini asije mwenyewe. Games Workshop waliuza vizuri.

Mwaka 1980 ulipokaribia, Gygax alitaka kampuni mbili ziungane. Fikiria ofa hiyo ilivyoonekana kwa vijana wawili ambao miaka michache nyuma walikuwa wakioga kwenye klabu ya skwoshi. TSR wakati huo ilikuwa ikikua kwa kasi ya kutisha, mchezo wake ukizungumzwa kwenye magazeti ya Marekani kote. Kuungana nayo kulimaanisha fedha, usalama na sehemu katika jina kubwa kuliko yote kwenye fani. Livingstone na Jackson wakakataa.

Uamuzi huu nauweka juu ya Warhammer, juu ya vani, juu ya kila kitu katika historia ya kampuni hiyo. Kwa kukataa walijua wangepoteza upekee wa kuuza Dungeons & Dragons, na ndivyo ilivyokuwa: TSR ikafungua tawi lake Uingereza mwaka huohuo wa 1980. Aliyekabidhiwa kuliongoza alikuwa Don Turnbull, yule yule mhariri wa Albion ambaye wasomaji wake ndio waliopokea Owl and Weasel ya kwanza. Fani ilikuwa ndogo kiasi hicho. Orodha ya majina ya 1975 iliwazaa mawakala, na mwenye orodha sasa alikuwa upande wa pili wa meza.

Kwa kawaida wakala aliyenyang'anywa bidhaa yake kuu hufunga. Games Workshop hawakufunga, na sababu ziko mbili. Ya kwanza nimeshaieleza: maduka, jarida na posta vilikuwa vyao, na TSR ilipokuja Uingereza ilikuta wateja wana mahali walipozoea kwenda. Ya pili inahusu madini ya risasi.

Mwaka 1979 walishirikiana na Bryan Ansell, mtu wa vijisanamu kutoka Nottingham, kuanzisha Citadel Miniatures huko Newark. Kazi ya Citadel ilikuwa ya joto na ya mikono michafu. Mchongaji anatengeneza kijisanamu cha mfano kwa kukifinyanga na kukichonga, kinakandamizwa kwenye kalibu ya mpira, kalibu inazungushwa kwa kasi huku madini yaliyoyeyushwa yakimiminwa katikati, na mzunguko unayasukuma hadi kwenye ncha za panga na makucha. Madini yenyewe yalikuwa mchanganyiko wenye risasi na bati. Kalibu moja inasubu vijisanamu vingi kwa mkupuo, na yakipoa, vilivyoharibika vinarudishwa chunguni. Hakuna kinachotupwa. Hakuna kinachohitaji kibali cha mtu wa Wisconsin.

Juu ya hayo, kijisanamu kina tabia ambayo bao halina hata kidogo: kimoja hakitoshi. Mwenye mpiga upinde anataka kumi, mwenye kumi anataka kamanda wao, na mwenye kamanda anataka jeshi la adui. Kilichokosekana ni kanuni za kuhalalisha tamaa hiyo. Dungeons & Dragons ilihitaji kijisanamu kimoja kwa kila mchezaji, na walioucheza kwa maneno matupu hawakuhitaji hata hicho. Warhammer ilipotoka mwaka 1983, kazi ya Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley, iliwapa wachezaji sababu ya kuweka majeshi mazima mezani. Ndiyo maana nasema Warhammer ni tunda. Ilitungwa kwa ajili ya vijisanamu vilivyokuwa vinasubiwa tayari, ikatangazwa kwenye jarida lililokuwa linasomwa tayari, ikawekwa kwenye rafu za maduka yaliyokuwa na wateja tayari. Mchezo huohuo ukitungwa na mtu mwingine asiye na vitu hivyo, pengine ungekuwa kijitabu kizuri kinachokumbukwa na watu mia tatu.

Mtu atanipinga hapa, na hoja yake ina nguvu. Atasema: njia hiyo unayoisifu ilijengwa kwa mgongo wa Dungeons & Dragons. Bila boksi la Blume, Owl and Weasel kingekufa kama Albion, na Peake angeendelea kuranda mbao hadi fedha ziishe. Ni kweli. Bidhaa nzuri ndiyo iliyoleta umati, na hakuna jarida lililowahi kuishi kwa kuandika juu ya kitu kisichopendwa. Ila tazama nani alivuna nini. Bidhaa ile ilikuwa mikononi mwa TSR mwanzo mpaka mwisho, na haikuiokoa TSR na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Baada ya kifo cha Kaye, hisa nyingi ziliangukia kwa familia ya Blume, na Gygax akabaki na sehemu ndogo katika kampuni inayouza mawazo yake. Dave Arneson wa Minnesota, aliyeubuni mchezo pamoja naye, alilazimika kwenda mahakamani mwaka 1979 kudai haki yake. Ukuaji ukaleta matumizi, matumizi yakaleta madeni. Oktoba 1985 bodi ikamwondoa Gygax kwenye urais, baada ya Brian Blume na nduguye kumuuzia Lorraine Williams, meneja wa kampuni hiyo, hisa zao. Mwaka 1997 TSR, ikiwa hoi kwa madeni, ikanunuliwa na Wizards of the Coast, kampuni nyingine ya michezo ya Marekani, ambayo miaka miwili baadaye nayo ikamezwa na Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea. Mchezo upo hadi leo na una afya. Kampuni iliyoutoa haipo.

Livingstone na Jackson nao hawakubaki. Mwaka 1982 walianza kutoa, kupitia wachapishaji wa vitabu vya watoto Puffin, vitabu vya hadithi ambavyo msomaji mwenyewe anachagua njia ya kufuata, vikauzwa kwa mamilioni, na akili yao ikahamia huko. Ansell akashika usukani, makao ya kampuni yakahamishiwa Nottingham katikati ya miaka ya 80, na kufikia mwanzo wa miaka ya 90 waanzilishi walikuwa wameshauza hisa zao. Mwaka 1991 mameneja wakiongozwa na Tom Kirby waliinunua kampuni, na mwaka 1994 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa.

Ni chini ya Ansell ndipo Games Workshop ilipoanza kufanya kile ambacho mwenye njia hukifanya akishapata mzigo wake mwenyewe. Ikaacha kupitisha mizigo ya wengine. Leseni za Kimarekani ziliachwa moja baada ya nyingine, na maduka yakaondoa rafuni vitu visivyobeba nembo ya nyumbani. White Dwarf, lililoanza likiandika juu ya michezo ya kila mtu na kuwakosoa wote kwa usawa, kufikia mwishoni mwa miaka ya 80 lilikuwa limegeuka jarida la bidhaa za kampuni moja. Warhammer 40,000, mchezo mwingine wa kampuni yenyewe, ilikuwa imetoka mwaka 1987, na kurasa zilihitajika.

Kibiashara hilo lilikuwa sawa, na aliyenunua hisa mwaka 1994 ana kila sababu ya kushukuru. Walioumia ni wasomaji wa zamani, wale wa RuneQuest na Traveller, ambao kwa miaka kumi walikuwa wamelipia jarida, wameandika barua, wamejaza ukumbi wa Games Day na kusimama kwenye foleni ya Dalling Road. Njia ile waliijenga wao kwa pauni na stempu zao. Wakaambiwa, kwa adabu, kwamba gari lao halipiti tena hapo, na wengi wakarudi kule ilikoanzia fani nzima: kuandika vijarida vidogo, kuvichapa wenyewe na kutumiana kwa posta.